Je, Asiyejua Hana Kosa?

Wazee wetu walituachia neno hili: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake yafahamika na kila mtu. Kitu chema hakihitaji kusifiwa, kwa kuwa mnunuzi akikiona atakitaka mwenyewe. Kitu kibaya ndicho kihitajicho maneno mengi ya mwuzaji. Neno hili ni la kweli katika mambo mengi, wala hatulikatai. Lakini leo twataka kunena habari ya kitu kimoja ambacho neno hili halikifikii, kitu kinachojiuza vizuri sana, nacho pengine kimebeba madhara ndani yake.

Nenda sokoni Igoma asubuhi na mapema, kando ya njia iendayo Musoma. Utaona mafungu ya mchicha na matembele yamepangwa juu ya magunia, yamenyunyiziwa maji hata yang'aa. Utaona mihogo, viazi vitamu, michembe, mchele, nyanya na vitunguu. Vyakula hivi vyatoka pande zote: Kisesa na Magu, Misungwi, na ng'ambo ya ghuba, yaani Sengerema na Geita, hasa tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Mnunuzi hulishika fungu, huyatazama majani, huuliza bei. Haulizi, "Mboga hii imeota katika udongo gani?" Wala mwuzaji, ambaye mara nyingi naye amelinunua kwa mwingine, hawezi kumjibu.

Nasi twauliza hivi: mtu akiuza chakula kilichoota penye sumu, naye hajui, je, ana kosa? Na yule aliyeweza kujua, asijishughulishe? Na yule asiyetaka kujua? Swali hili si la watu wakaao na vitabu tu. Lilitujia mlangoni petu, nasi tulilijibu vibaya.

Palikuwa na mama mmoja mjane wa ng'ambo ya ghuba, tuliyezoea kumwita Mayu, kama ilivyo desturi ya Wasukuma kumwita mwanamke anayestahili heshima ya mama. Alileta mboga Igoma mara mbili kila juma. Shamba lake lilikuwa mahali ambapo zamani wachimbaji wadogo walichimba dhahabu. Dhahabu ilipokwisha, wachimbaji wakaondoka kama nzige waondokavyo katika shamba lililoliwa. Mashimo yakafukiwa kwa mchanga ule ule uliosagwa na kuoshwa, juu yake pakatandazwa udongo kidogo, kisha viwanja vikagawanywa kwa watu wasio na mashamba. Mayu akapata chake. Akatia samadi, akamwagilia maji ya lambo, akavuna mchicha mzuri kuliko wa majirani zake.

Siku moja akatujia akasema, "Mwalimu, kuna kijana amepita kwetu akaniambia ya kuwa pale shambani pangu palikuwa mwalo wa kuoshea dhahabu, na zebaki ilimwagwa pale. Asema nisiwalishe watu mboga ile. Nifanyeje?"

Tukalitazama fungu aliloshika. Majani yalikuwa mapana, hayana doa wala tundu la mdudu. Tukamwambia, "Mayu, usisumbuke. Mboga yenye sumu haiwezi kusitawi namna hii." Akafurahi, akaenda zake sokoni. Nasi tukanunua fungu moja, tukala.

Basi, kosa letu lilikuwa lipi? Hatukusema uwongo, maana tuliliamini tulilosema. Hatukumtakia mabaya mtu ye yote. Hata leo hatujui kwa hakika kama shamba lile lilikuwa na sumu au halikuwa nayo. Lakini tulinena kama watu wajuao, hali hatujui. Na kwa kuwa sisi ni waalimu, yeye alilichukua neno letu kuwa kipimo. Ili jambo hili lifahamike vema, yafaa kwanza tuieleze sumu yenyewe ilivyo.

Katika nchi ya Geita dhahabu ilichimbwa kwa mashini tangu miaka ya 1930, hata mgodi ule ukafungwa mwaka 1966. Na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Lakini pembeni ya kazi hizo kubwa wako wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, nao kazi yao ni hii. Mchimbaji husaga mawe katika karasha, akauosha unga wake kwa maji, akatia zebaki. Zebaki hushikamana na punje za dhahabu. Kisha huikamua katika kitambaa, akaichoma motoni. Zebaki hupanda kama mvuke, na dhahabu hubaki. Mvuke ule haupotei. Hewa huuchukua, ukashuka juu ya nyumba na maji na mashamba. Na zebaki nyingine hubaki katika mchanga uliooshwa, ambao wachimbaji huuita marudio.

Mara nyingi marudio hayo huchenjuliwa tena kwa sianidi ili kutoa dhahabu iliyobaki. Sianidi ni sumu kali, lakini jua na hewa huivunja kadiri siku zipitavyo. Zebaki sivyo ilivyo. Wala sivyo ilivyo risasi, wala aseniki, wala kadimiamu, ambazo katika mahali pengi zilikuwa zimefungwa ndani ya mawe, zikafunguliwa mawe yaliposagwa. Mzoga huoza ukawa udongo, na jani huoza likawa mbolea. Lakini madini hayaozi. Risasi iliyo ardhini mwaka huu itakuwa risasi hata siku za wajukuu wa wajukuu wetu. Kufukia shimo, basi, si kuisafisha ardhi. Ni kuifunika tu.

Na mmea hauna macho. Mzizi unywapo maji, hunywa pamoja na kilichoyeyuka ndani yake. Lakini mimea haifanani. Mboga za majani kwa kawaida hukusanya madini haya kuliko nafaka, hasa kadimiamu, ambayo hupanda upesi toka mzizini hata jani. Risasi hukaa zaidi katika mizizi, na katika vumbi lililoshika majani. Zebaki haipandi sana kwa njia ya mzizi, bali jani huivuta hewani palipo na uchomaji. Mpunga nao una hatari ya peke yake, maana husimama katika matope yenye maji, na humo vijidudu visivyoonekana huigeuza zebaki kuwa ya namna mbaya zaidi, ikaingia katika punje kama iingiavyo katika samaki.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulidhani ya kuwa sumu humwua mchicha kabla ya kumfikia mtu. Wazee wa Usukuma waliujua udongo kwa majina yake, luseni na itogolo na mbuga, wakajua kwa kuutazama na kuushika kila mmoja wafaa kwa zao gani. Hiyo ni elimu kubwa, nasi twaiheshimu. Lakini sumu hii haina rangi wala harufu wala ladha, wala haina jina katika elimu ile. Mmea waweza kusitawi sana, nao umebeba kitakachomdhuru mlaji. Kuupika hakuondoi madini, kwa kuwa moto wa jikoni hauwezi kuyavunja; kuyaosha majani huondoa vumbi la juu, si kilichomo ndani.

Wala mlaji haanguki siku ile. Madhara huingia kidogo kidogo, kama maji yapenyayo katika ukuta wa udongo. Zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hata mikono ikatetemeka. Nayo humdhuru mtoto aliye tumboni, hali mama yake ajiona mzima. Risasi huwapunguzia watoto akili. Kadimiamu hudhuru mafigo na mifupa. Aseniki hudhuru ngozi, na huleta saratani. Mtu akiugua baada ya miaka kumi au ishirini, ni nani atakayekumbuka fungu la mboga?

Wasomaji wetu waijua habari ya Elisha kule Gilgali, wakati wa njaa. Mtu mmoja alitoka kwenda kuchuma mboga, akaleta matango-mwitu asiyoyajua, akayakatia chunguni. Watu walipoanza kula walipiga kelele mara moja, wakaacha. Chungu kile kilikuwa na heri katika ubaya wake, kwa kuwa kiliwaonya upesi. Hiki chetu hakimwonyi mtu.

Huenda mtu akasema, "Mwatutisha kwa mambo ya kuwaza." Basi na atazame Rwamagasa, katika nchi ya Geita. Mpango wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki, ulioanza mwaka 2002, ulifanya kazi katika nchi sita, na Tanzania ilikuwa moja yao. Rwamagasa ndipo palipochaguliwa kwetu. Wataalamu walipima udongo, maji, samaki, mazao, na miili ya watu. Waliona ya kuwa zebaki ni nyingi katika marudio na karibu na mahali pa kuisagia na kuichomea dhahabu, nayo hupungua kadiri mtu aendavyo mbali. Neno hili latufundisha mambo mawili. Hofu isiyo na kipimo yaweza kumwonea mkulima wa mbali, ambaye mboga yake ni safi kama ya mtu mwingine. Na matumaini yasiyo na kipimo yaweza kumponza mkulima aliye juu ya mwalo wenyewe. Sisi siku ile tulimpa Mayu matumaini yasiyo na kipimo.

Na mataifa mengine yalitutangulia kulipa gharama ya elimu hii. Katika nchi ya Japani kuna mto uitwao Jinzu, upitao katika jimbo la Toyama. Juu yake milimani palikuwa na mgodi, Kamioka, na kadimiamu ya mgodi ule ilichukuliwa na mto hata mashamba ya mpunga. Mpunga uliota, watu wakala miaka mingi. Kisha wanawake wa wakulima, hasa waliokwisha kuwa watu wazima, wakaanza kuugua mifupa. Ikawa laini, ikavunjika kwa jambo dogo. Ugonjwa ukapewa jina kwa kilio chao, itai-itai, maana yake "yauma, yauma". Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikiri ya kuwa sababu ni kadimiamu ya mgodi. Tangu mwaka 1979 watu walianza kuutengeneza upya udongo wa mashamba yale, nao hawakumaliza hata mwaka 2012. Miaka 33 ilihitajika kusafisha, katika nchi tajiri, yenye mashini na elimu.

Na katika jimbo la Zamfara, nchi ya Nigeria, mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi. Wazazi wao walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu nyumbani na karibu na visima, nayo mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Walikuwa wakitafuta chakula cha watoto wale wale.

Sasa turudi katika swali letu. Je, wazazi wa Zamfara walikuwa na kosa? Hatuthubutu kuwahukumu. Hawakuwa na mtu wa kuwaambia, wala jiwe halikuwa na alama. Torati, katika kitabu cha Kutoka, yapambanua jambo hili kwa mfano ambao sisi wafugaji twaufahamu sana. Ng'ombe akimpiga mtu kwa pembe akafa, na mwenye ng'ombe hakujua ya kuwa ana tabia hiyo, ng'ombe huuawa, na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alizoea kupiga tangu zamani, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi mwenyewe ana hatia pia. Ng'ombe ni yule yule, na kifo ni kile kile. Kilichobadilika ni neno moja tu, ya kuwa mwenyewe ameonywa.

Kwa hiyo twaona ya kuwa kutojua si kwa namna moja. Ziko namna tatu, nasi yatupasa kuzitenga kama mtu atengavyo pumba na mchele.

Kwanza, kuna kutojua kwa mtu asiyeweza kujua. Huyu hana kosa, bali anastahili kuhurumiwa na kufundishwa. Mkulima aliyepewa kiwanja asiambiwe habari zake yumo katika hesabu hii.

Pili, kuna kutojua kwa mtu aliyesikia neno, akaweza kuuliza, asiulize. Huyu hana udhuru kamili. Hatumwiti mwuaji, lakini hatuwezi kumwita mwenye haki. Kuuliza si ujinga, wasema wazee. Basi kuacha kuuliza, pale ambapo watu wengine ndio watakaokula, kwapita ujinga. Mayu hakuwa katika namna hii. Yeye alisikia neno, akauliza. Alilofanya ndilo lililompasa. Sisi tulioulizwa ndio tuliostahili kuuliza zaidi, tusiulize.

Tatu, kuna kutojua kwa mtu asiyetaka kujua. Huyu ndiye mchuuzi amwambiaye mkulima, "Usinieleze habari za shamba lako, nipe mzigo tu." Ndiye pia mwenye karasha ahamaye usiku, akaacha marudio wazi, asije akaulizwa. Huyu hufanya giza kuwa mali yake. Akiulizwa baadaye atasema, "Sikujua," naye atasema kweli kwa mdomo. Lakini ni yeye mwenyewe aliyeizima taa.

Hapa yuko mtu atakayesimama na kutupinga, nasi twamkaribisha, maana hoja yake ni nzito. Atasema, "Ninyi waalimu mna mshahara. Mjane hana. Mwamwambia habari ya ugonjwa utakaokuja baada ya miaka ishirini, naye watoto wake wana njaa leo jioni. Njaa huua upesi kuliko kadimiamu. Mkimwondoa katika shamba lile, mmemsaidia nini?"

Hatuwezi kuidharau hoja hiyo. Ni kweli ya kuwa onyo lisilo na msaada ni mzigo mpya juu ya kichwa cha maskini. Aliyeshiba humwambia mwenye njaa, "Usile hicho," kisha huenda zake akijiona mwema. Lakini hoja hiyo haithibitishi ya kuwa afadhali mjane asijue. Yathibitisha jambo jingine, ya kuwa gharama ya kujua haifai kuwekwa juu yake peke yake. Maana tukimficha ili asifadhaike, tumeamua sisi kwa ajili ya watoto wake, bila wao wala yeye kutupa ruhusa. Mwenye njaa bado ni mtu mzima. Ana haki ya kujua, ili achague mwenyewe. Na sisi tuna wajibu wa kumwongezea njia za kuchagua.

Tena, ni nani mwenye deni katika jambo hili? Torati yasema pia habari ya mtu afunuaye au achimbaye shimo asilifunike, na ng'ombe wa mwenzake akatumbukia: mwenye shimo atalipa. Sheria ya Mazingira ya nchi yetu, ya mwaka 2004, yaifuata njia hiyo hiyo, ya kuwa achafuaye ndiye alipaye gharama. Na mwaka 2020 nchi yetu iliuridhia mkataba wa mataifa juu ya zebaki, uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake waliugua kwa kula samaki wenye zebaki ya kiwanda, na ugonjwa wao ukatambuliwa mwaka 1956. Basi sheria zipo. Lakini mchimbaji mdogo aliyehama miaka iliyopita utamtafuta wapi? Pengine naye alikuwa maskini kama Mayu, na mikono yake sasa yatetemeka asijue sababu.

Na tukilifuata deni hilo mbele zaidi, litafika nyumbani kwetu. Wengi wetu tulivikwa pete ya dhahabu siku ya ndoa. Pete ile haikuota sonarani. Ilitoka katika shimo, na shimo lile lilibaki nyuma, na mtu fulani alipewa shimo lile alime. Hatusemi ya kuwa kuvaa pete ni dhambi. Twasema ya kuwa mtu aliyepata dhahabu hawezi kusema udongo haumhusu. Wala mlaji wa Igoma atakaye mboga ya bei ndogo kuliko zote hawezi kumwachia mkulima peke yake hasara ya kuhama shamba.

Basi, tufanye nini? Hatuwezi kuwaambia watu waogope kila chakula kitokacho ng'ambo, kwa maana huo ungekuwa uongo mwingine, nao ungewaharibia riziki watu wengi wasio na hatia. Bali kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kijiji.

La kwanza ni kumbukumbu. Wazee wangali wanajua mialo ilikuwa wapi, karasha zilisimama wapi, zebaki ilichomwa wapi. Halmashauri ya kijiji na iandike mahali hapo kabla wazee hawajafa, wala pasigawanywe kuwa mashamba ya chakula wala viwanja vya shule kabla ya kupimwa. Na udongo hupimika. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko Mwanza pia, na wataalamu wa kilimo wako Ukiriguru katika wilaya ya Misungwi; afisa kilimo wa kata ndiye mlango wa kuanzia. Kijiji kikichanga pamoja chaweza kufanya jambo ambalo mjane mmoja hawezi.

La pili ni kuchagua zao. Mahali panaposhukiwa, pasipandwe mboga za majani wala mpunga. Pafaa kupandwa kitu kisicholiwa, kama mkonge au miti ya nguzo. Samadi na chokaa huyashika mengi ya madini haya udongoni yasipande upesi, lakini si dawa kamili, wala mtu asizitumie ili kujifariji tu. Mihogo na viazi vimenywe maganda, na majani yaoshwe kwa maji mengi safi. Wajawazito wasile udongo wa mahali hapo, wala watoto wasicheze katika marudio.

La tatu ni kusaidiana. Aliye na shamba kubwa penye udongo mwema na amkopeshe jirani aliyepewa udongo mbaya. Hili ndilo gumu kuliko yote, nalo ndilo litakaloonyesha kama maneno yetu ni ya kweli.

Tulipokwisha kusoma mambo haya, tulijua ya kuwa hatuna budi kuvuka tena kwenda kwa Mayu. Tulikawia majuma mawili, kwa haya. Tulipofika tulimkuta akipalilia. Tukamweleza yote, na ya kuwa siku ile tulimjibu bila kujua. Alisimama kimya, ameegemea mpini wa jembe. Kisha akasema, "Mwalimu, siku ile ungeniambia tu, 'Sijui,' ningemwuliza mwingine."

Hatukuwa na jibu. Akauliza tena, "Na sasa watoto wangu nitawalisha nini?" Hilo nalo hatukuwa na jibu lake siku ile. Tuliporudi tuliwaeleza wazee wa kanisa, nao wakanena na ndugu mmoja wa kule, akamkopesha Mayu kipande cha luseni mlimani kwa misimu mitatu. Mavuno yake huko ni machache kuliko ya zamani, na maji ni ya mbali. Wala hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa kusema ya kuwa mambo yake yametengenea. Pale pa kwanza amepanda mkonge.

Lakini kiwanja kinachopakana na kile cha zamani ni cha mtu mwingine, nacho, tulipopita mara ya mwisho, kilikuwa na mchicha mzuri mno, tayari kwa soko. Tulimtafuta mwenyewe tusimkute. Tuliacha neno kwa jirani, na tutakwenda tena. Maana sasa tumekwisha kuonywa, wala hatuwezi tena kusema ya kuwa hatukujua. Na ninyi mliosoma habari hii hata mwisho, mko pamoja nasi. Mtu akija kwenu akauliza kama Mayu alivyouliza, msimpe neno jema lisilo na msingi. Mwambieni, "Hatujui, na tuulize pamoja."